Kisu cha Pindoni

Wanaume walikuwa hawajarudi kutoka makaburini wakati sisi wanawake tulipoanza kumenya vitunguu vya chakula cha matanga. Tulikuwa uani kwa marehemu Bi Somoe, Rutamba, kwenye mikeka iliyotandikwa kivulini mwa ukuta, na visu havikutosha. Ni jambo la kawaida msibani: sufuria zinaazimwa, sahani zinaazimwa, visu vinasahaulika. Niliingiza mkono mfukoni mwa gauni, nikatoa changu, nikakikunjua, nikaendelea na kazi. Binti aliyekaa kando yangu, Zuhura, mjukuu wa marehemu anayesoma Dar es Salaam, alinitazama kama vile nimetoa bastola. "Bibi, shikamoo tena," akasema, na wenzake wakacheka kwa sauti ya chini. "Umetoka na kisu Kilwa?" Nikamwambia nimetoka nacho Kilwa Masoko, nimepanda nacho basi, nimelala nacho Lindi kwa mwanangu, na asubuhi ile nimekatia nacho mkate. "Unaogopa wezi?" Nikamjibu kwamba mwizi akinijia nitampa mkoba. Kisu ni cha vitunguu. Alitaka maelezo zaidi, lakini msibani si mahali pa habari ndefu, na aliyestahili kuisimulia habari ile kuliko mimi ndiye aliyekuwa akifukiwa saa hiyo. Nimerudi nyumbani nikaona niiandike.

Jinsi nilivyofika Rutamba kuishi kwa Bi Somoe ni habari ya ukoo, na ukoo wetu una watu wengi mno, nairuka. Itoshe kusema nilikuwa binti niliyemaliza shule, nikisubiri kuitwa chuo cha uuguzi, na Bi Somoe alikuwa mjane mwenye mikorosho mingi na mikono miwili tu. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, na kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Aliyekuwa chumbani alisikia kila kilichosemwa ukumbini, na aliyekuwa ukumbini alijua kwamba wa chumbani anasikia, hivyo watu wa nyumba ile walizoea kusema maneno yaliyokusudiwa watu wawili kwa wakati mmoja. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na msimu ulipofika, magunia ya korosho yaliyopangwa mpaka usawa wa kifua. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha au ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa chai ya rangi. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, au mbaazi, na mara chache, tulipopata korosho changa ambazo ganda lake halijakomaa, Bi Somoe alizipika kwa tui zito, nasi tukala bila kuzungumza. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, vingine kwenye hoteli wakati wa semina za kazi, lakini sijakutana tena na kile cha kunyamazisha.

Shambani kisu kinatakiwa kila unapogeuka. Kuna maotea ya kupunguza chini ya mkorosho, kuna korosho ya kutenganisha na bibo, tunda lake, kuna kamba ya gunia, muwa, muhogo mbichi wa kutuliza njaa, mwiba wa mguuni. Siku za mwanzo nilibeba kisu cha jikoni, kile chenye mpini wa mbao uliofungwa kitambaa, nikakitia kikapuni. Kasoro yake niliijua mapema: kikapu kilikuwa mti huu, mimi nilikuwa mti ule. Kila nilipohitaji kukata kitu nilianza safari. Mwishowe nilikifukia pamoja na mabibo yaliyooza, tukakitafuta siku nzima kwa vijiti, na jioni Bi Somoe akamenya vitunguu kwa panga. Panga kubwa, la kufyekea, amelishika katikati kama mtu anayeshika samaki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kisu cha kikapuni ni cha kikapu, Mwanahawa. Tafuta cha kwako, ukae nacho mwilini." Kisha akaendelea kumenya, na machozi ya vitunguu yakimtoka, sikujua kama amekasirika au la.

Nilinunua cha kukunja kwenye gulio. Kilikuwa na mpini wa plastiki mwekundu wenye picha ya kasuku, na kilimeta sana. Nilikipenda siku mbili tatu. Nikakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na vijisenti vyangu, nikatembea nikijiona mtu mzima. Ila springi yake ilikuwa dhaifu, na ubapa ulicheza ukishikwa, na siku moja nilipokuwa nakata kamba ya mnazi kilijifunga chenyewe juu ya kidole changu cha shahada. Alama ipo mpaka leo. Wagonjwa walikuwa wakiniuliza nikiwapima joto. Bi Somoe alikifunga kidole kwa kitambaa na majivu, jambo ambalo miaka ya baadaye ningemkataza mtu yeyote, nacho kidole kikapona vizuri. Kasuku nilimtupa chooni kwa mkono wangu mzima.

Baada ya hapo nikaazima kisu cha ala cha jirani, cha kuvaliwa kiunoni, kwa kuwa nilidhani tatizo ni kukunja. Kilikuwa kikali, na chuma chake kizuri. Lakini mwanamke anayeinuka na kuinama kutwa nzima chini ya mikorosho, amejifunga kanga, hawezi kuvaa ala. Ilinichubua nyonga, ilitoboa kanga mbili, na nikikaa chini ilinisukuma mbavu. Tena ilionekana. Siku moja nilikuwa chumbani nikipaka mafuta pale paliponichubuka, nikasikia sauti ya Bi Hadija ukumbini. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye heshima zake, msafi, mwenye kauli. "Binti yako anatembea na ala kiunoni kama mwindaji," akasema. Bi Somoe akajibu, "Anafanya kazi." "Wote tunafanya kazi. Mimi nimefanya kazi miaka yote na sijatembea na upanga." "Wewe unaazima vya wenzio," Bi Somoe akasema, "visu vyangu viwili viko kwako." Kisha nikasikia wanacheka, wote wawili, na Bi Hadija akisema ataleta kimoja.

Aliyenitengenezea kisu kilichonifaa alikuwa Alois, Mmakonde aliyehamia kijijini na kuoa huko, fundi wa majembe na vinyago vya mpingo. Sitamsifu zaidi ya alivyostahili. Alikuwa mtu wa kuongea sana na kuahidi sana. Nilimweleza ninachotaka: kikunjike, kisijifunge chenyewe, kisizidi kiganja changu, na uzito wake usivute kanga ikafunguka mbele za watu. Akacheka, akasema hajawahi kuletewa kisu chenye masharti mengi hivyo, njoo Jumatatu. Jumatatu alikuwa amelewa uraka. Alhamisi alikuwa ametengeneza kitu kikubwa ambacho ungeweza kuchunia nyati, akaudhika nilipokikataa. "Kisu ni kisu, dada," akasema. Nikamwambia kaka, kibebe wewe kwenye pindo la kanga. Akaichukua kanga ya mkewe, akajifunga kiunoni palepale mbele ya kibanda chake, akafunga kisu pindoni, akatembea hatua kadhaa, na kanga ikamwanguka miguuni. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani ni kicheko kile, wala si maelezo yangu, kilichomfanya Alois akae akafikiri.

Cha mwisho alikitengeneza kwa kipande cha springi ya lori, akakifua kikawa chembamba, urefu wake kama kidole changu cha kati. Mpini ulikuwa wa mpingo, umechongwa bapa, na hakikuwa na springi yoyote. Badala yake, nyuma ya ubapa aliacha mkia mdogo wa chuma. Ukikikunjua, mkia unalala juu ya mpini na kidole gumba chako kinaukanyaga. Ukiondoa kidole, kinakunjika. Hakuna cha kuvunjika wala cha kulegea, na kinachokizuia kisikukate ni wewe mwenyewe. Kilishika kutu haraka, kwa hiyo nilikipaka mafuta ya nazi kila jioni, lakini kilishika makali kuliko chochote nilichowahi kukiona. Nasema hivi kwa sababu siku hizi maduka ya Masoko yamejaa visu visivyoshika kutu, vizuri kutazama, ambavyo ukikata navyo malimau ya sikukuu vimekwisha. Mimi nachagua chuma kinachohitaji kutunzwa. Nilimlipa Alois kuku na kapu la muhogo mkavu, naye akaniomba nisimwambie mtu kuhusu kanga. Nilimwambia Bi Somoe jioni ileile.

Msimu ulipokaribia kwisha, nikapata mchumba. Mussa alikuwa fundi baiskeli pale njia panda, kijana mpole, mrefu, mikono yake ina grisi siku zote isipokuwa Ijumaa. Alinitengenezea baiskeli ya Bi Somoe mara nyingi kuliko ilivyoharibika. Nilimpenda, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo katika umri huu. Shida ni kwamba aliyemlea alikuwa shangazi yake, na shangazi yake alikuwa Bi Hadija. Walikuja kuposa, wakakaa ukumbini, nami nikawekwa chumbani kati ya magunia kama ilivyo desturi, nikisikia kila neno. Mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. "Kuna jambo dogo," Bi Hadija akasema. "Kile kisu. Watu wanasema. Mwanamke aliyeposwa anatembea na kisu kwenye pindo, anakitoa sokoni, anakitoa njiani. Sisi tunaoa mke au tunaoa bucha?" Bi Somoe akapaza sauti kidogo kuliko ilivyohitajika kumfikia mtu aliyekaa mkekani. "Kisu ni chake. Ataamua yeye."

Nikaamua kukiacha. Nilikiweka ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo, na hakuna aliyenilazimisha. Nilimtaka Mussa, na kisu kilikuwa kisu tu. Nilijirudishia tabia za watu wasio na kisu: kukata uzi kwa meno, kupasua muwa kwa goti, kusema "hebu niazime chako" kwa wanaume wasiojua walipokiweka. Bi Hadija alianza kuniita mwanangu. Aliniletea kanga mpya, doti nzima, na maneno yake yalikuwa mazuri. Mussa naye alifurahi kwamba nyumba mbili zimetulia. Hakuwahi kusema lolote juu ya kisu, si zuri si baya, na wakati ule nililichukulia kama upole.

Ikawa Ijumaa, saa ya swala, wanaume wote wako msikitini ng'ambo ya barabara ya chini, na wale wachache Wakristo wako mashambani. Mimi na Bi Somoe tulikuwa uani tukianika makopa ya muhogo. Tukasikia breki za lori, kisha wanawake wanapiga kelele, tukakimbilia barabarani. Lori la korosho lilikuwa limemgonga mbuzi wa Bi Somoe, jike kubwa jeusi ambaye alikuwa ametengwa kwa ajili ya ada ya chuo changu. Dereva alisimama, akashuka, akatazama, akapanda akaondoka. Mbuzi alikuwa amelala ukingoni, miguu ya nyuma imevunjika, anapumua kwa nguvu na kutazama huku na huku. Wanawake walishatuzunguka. "Mkimbilieni mwalimu wa madrasa!" mmoja akasema. "Wako kwenye hotuba, hata akitoka atakuta mzoga," mwingine akasema. Bi Hadija alikuwa amesimama hapo naye, mkono kinywani. Kila mtu alijua hesabu yake: akifa bila kuchinjwa ni nyamafu, anafukiwa. Bi Somoe alipiga magoti akamshika mbuzi miguu ya mbele. Hakunitazama. "Mwanahawa," akasema, "ubapa wako bado una makali?"

Nilikimbia nyumbani. Nilikitoa sandukuni, na nilipokuwa nikirudi nilikikunjua nikakijaribu kwa ukucha, jinsi nilivyozoea. Tulimgeuza mbuzi uso wake uelekee kibla. Mwanamke mmoja akasema, "Lakini mwanamke kuchinja..." na Bi Somoe akamwambia, "Kama una mwanamume kwenye kanga yako mtoe." Nilikuwa nimeona mamia ya mbuzi wakichinjwa lakini sikuwahi kushika mimi. Nilimshika kidevu, nikakanyaga ule mkia wa chuma kwa kidole gumba, nikataja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ili wote wasikie, nikakata. Nilidhani nitahitaji nguvu. Sikuhitaji. Kisu kilikwenda mara moja, moja kwa moja, na damu ikaruka ikanilowesha mpaka kiwiko, na mbuzi akarusha miguu kidogo akatulia. Sikulia. Kilio kilikuja baadaye, nilipokuwa nanawa. Nilichokihisi pale barabarani, nakumbuka vizuri, ni kwamba jambo limekwisha upesi na nashukuru limekwisha upesi.

Wanaume waliporudi ubishi ukaanza. Wengine walisema nyama hailiki, wengine walisema inalika kwa dharura tu, mzee mmoja akasema alisikia zamani kwamba inafaa kama mwanamke ni kikongwe. Mwalimu wa madrasa alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mafua, asiyependa mikutano ya barabarani. Alimwendea mbuzi akainama akatazama shingo. Akaniuliza mimi, si Bi Somoe. "Alikuwa hai?" "Alikuwa hai, mwalimu, alikuwa anatazama." "Alirusha miguu?" "Alirusha." "Damu ilitoka kwa nguvu?" Nikamwonyesha mkono wangu. "Ulitaja?" Wanawake wakajibu wote kwa pamoja kwamba nilitaja. Akaomba kisu. Akakipitisha polepole kwenye ukucha wa kidole gumba, akakigeuza, akautazama ule mkia wa chuma, akakikunja na kukikunjua. "Ni halali," akasema. "Mwislamu amechinja, ametaja, na kisu ni kikali, hakumtesa mnyama. Mnabishana nini?" Akanirudishia kisu, akaongeza kwamba yeye hupenda maini.

Jioni Bi Somoe alipika kwa nazi, akagawa bakuli kwa majirani. Zote zilirudi tupu, zimeoshwa, isipokuwa ya Bi Hadija. Ile ilirudi na kawa lake juu na nyama ndani, imepoa, mafuta yameganda. Mtoto aliyeileta alisema Bi Hadija amefunga. Siku ile haikuwa siku ya kufunga. Bi Somoe aliipokea, akaipasha moto, tukaila sisi.

Mussa hakuja siku hiyo wala iliyofuata. Alipokuja alisimama nje ya ua, mikono safi ingawa haikuwa Ijumaa, nami nikatoka kumsikiliza. Alisema shangazi yake ameumia lakini si mtu wa kuvunja neno. Posa inaweza kuendelea. "Ila kisu nipe mimi nikutunzie," akasema. "Kitakuwa nyumbani kwetu. Ukikihitaji utaniomba." Alisema kwa upole kabisa, na ninaamini aliona ni suluhu nzuri. Nikamuuliza, "Mussa, nyama ulikula?" Akatazama chini. "Shangazi hakutaka iingie nyumbani." "Sikukuuliza ya nyumbani. Wewe ulikula?" Akatabasamu kidogo, kama mtu anayetoboa siri njema. "Nilikula kwa mwalimu," akasema. "Nilipitia kwake magharibi, nikala. Ilikuwa tamu, Mwanahawa. Wallahi ilikuwa tamu."

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Yeye naye akacheka akidhani tumepatana. Na nilipokuwa nacheka ndipo nilipoona jinsi maisha yale yatakavyokuwa: kila kitu changu atakipenda, na kila nitakachofanya kizuri atakila kwa jirani. Hakuwa mwoga kuliko wengine. Nimewaona wengi wa namna yake katika miaka yangu ya wodini, wanaume wema wanaowashika mikono wake zao pasipo mtu, na mama zao wakiingia wanaiachia. Nilimwambia sitampa kisu, na kwamba doti ya kanga nitairudisha mwenyewe ili isiwe na maneno. Aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Kilichonipata kilikuwa huzuni, na huzuni ile ilikaa nami muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipoingia ndani Bi Somoe alikuwa amekaa ukumbini akipukuchua mbaazi, na bila shaka alikuwa amesikia yote. "Ameondoka?" akauliza. "Ameondoka." Akasogea mkekani kunipa nafasi, akanisukumia nusu ya mbaazi. Tulipukuchua mpaka zikaisha. Alipoinuka kwenda jikoni alisema, kama anayezungumza na chungu, kwamba mumewe marehemu naye alikuwa mpole sana, na kwamba yeye mkewe alichoka.

Nilibaki Rutamba miezi michache zaidi nikisubiri chuo. Nilishona mfuko ndani ya shimizi, upande wa kulia, kwa kuwa pindo la kanga halikuwa mahali pa siri tena na sikutaka kukionyesha wala kukificha. Mara mbili tatu wanawake walinijia: huyu ana kuku na mume yuko Lindi, yule ana wageni wa ghafla. Nilichinja, nikaosha kisu, nikapaka mafuta. Watu wakazoea.

Halafu asubuhi moja, wanaume wako mashambani, nikamwona Bi Hadija anakuja uani kwetu, amembeba jogoo kwapani. Tangu siku niliporudisha kanga tulikuwa tunasalimiana tu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akabaki amesimama. Bi Somoe alitoka jikoni, akamwona, akarudi jikoni. "Nimefikiwa na wageni," Bi Hadija akasema, akitazama juu ya kichwa changu. "Wametoka Lindi. Watu wa upande wa mwanamke. Mussa anaoa, nadhani umesikia." Nilikuwa nimesikia. "Wanaume hawapo," akasema. Nikasema naona. "Na usidhani nimebadili maneno yangu," akasema. "Mimi bado naona si jambo la kupendeza." "Sawa, mama," nikamwambia. "Mshike mabawa."

Alimshika. Alikuwa na mikono imara kuliko wengi, na hakugeuza uso. Ilipokwisha alimchukua jogoo kwa miguu, damu ikidondoka mbali na nguo zake, akatembea mpaka kwenye mlango wa ua, akasimama. Nilidhani atasema ahsante, au atasema jambo juu ya Mussa, na sijui lipi lingekuwa gumu zaidi kulisikia. "Harusi ni mwezi huu," akasema. "Tutakuwa na vitunguu vingi. Wewe unakata upesi."

Nilikwenda. Nilikaa jikoni na wanawake wengine tangu alfajiri, nikakata vitunguu, nikakata nyanya, nikawakatia kamba za magunia ya mchele walipokosa cha kukatia. Bwana harusi alipita karibu amevaa kanzu, akatusalimia sote kwa pamoja, tukamwitikia sote kwa pamoja. Ng'ombe alichinjwa na mwalimu. Mchana Bi Hadija mwenyewe aliniletea sinia la pilau, akalishusha mbele yangu na Bi Somoe, akasimama hapo mikono kiunoni mpaka alipoona nimeanza kula.